Mistari ya Mwisho Inanyauka? Pima Maji Kabla Hujakopa Pampu

Kiangazi hiki nilimtembelea kijana mmoja huku tambarare za Moshi, ana ekari moja ya nyanya. Zamu yake ya maji ni masaa 10, lakini kila mara inaisha shamba halijamalizika. Tena hata mistari iliyomwagiliwa, miche ya mwisho inanyauka. Akaniambia, "Bwana shamba, maji hayatoshi. Nataka kukopa ninunue pampu." Nikamwambia subiri kwanza, tupime.

Vifaa ni ndoo ya lita 20, simu yenye saa, futi kamba, vigingi na kipande cha nondo.

1. Pima maji yanayoingia. Weka kipande cha bomba mdomoni mwa mfereji, chini yake chimba shimo la kukaa ndoo. Kwake ndoo ilijaa kwa sekunde 40, yaani nusu lita kwa sekunde.

2. Pima mwendo wa maji. Chomeka vigingi kila mita 10, andika saa maji yanapopita. Mfereji wake una mita 60, na maji yalifika mwisho baada ya saa nzima. Yeye anafunga baada ya dakika 90. Basi mche wa kwanza unakunywa dakika 90, wa mwisho dakika 30 tu. Tatizo liko hapo.

3. Kagua chini. Kesho yake choma nondo ardhini. Inazama kirahisi palipolowa, inagoma pakavu. Mwanzoni ilizama sana, mwishoni ikagoma mapema. Usidanganywe na udongo uliolowa juu!

Sasa hesabu. Mistari imeachana sentimita 75, hivyo mfereji mmoja unahudumia mita za mraba 45. Dakika 90 ni lita 2,700, sawa na milimita 60. Mizizi ilihitaji milimita 40. Theluthi ya maji yake inapotea, na bado miche ina kiu.

Tulichofanya. Alikuwa anafungulia mifereji 10 kwa pamoja. Tukafungulia 5, kila mmoja ukapata lita 1 kwa sekunde. Maji yakafika mwisho kwa dakika 22, tukafunga kwenye dakika 32. Kwa kuwa mwisho wa mfereji umezibwa, yaliyobaki yaliendelea kuzama taratibu. Kila mfereji ulitumia lita 1,920. Kwa mifereji 90 ya ekari, ameokoa lita 70,000 hivi kila anapomwagilia. Zamani shamba zima lilihitaji masaa 13 na nusu. Sasa anamaliza ndani ya zamu yake, na jirani wa chini hagombani naye.

Shika kanuni ya robo: kama udongo wako unahitaji dakika 90 kunyonya maji ya kutosha, yafike mwisho kwa dakika 22 au 23.

Ila angalia usizidishe. Mfereji mmoja usipite lita 3 kwa sekunde, maji yatabeba udongo. Mteremko usizidi nusu mita kwa kila mita 100. Udongo wa kichanga unanyonya haraka, kwa hiyo fupisha mifereji.

Pampu ingeongeza maji kwenye mpangilio mbovu, na deni juu yake. Wiki hii chukua ndoo, pima mfereji mmoja tu, uandike namba zako.