Njia ya unga ikifungwa, mgonjwa bado yupo

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ntalikwa, hapa Tabora, aliniletea kijana wake aliyerudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa utingo wa lori. Kwa siku saba alikuwa amemfungia chumbani ili aache heroini. Kijana alitapika, akaharisha, akatokwa jasho, hakulala. Sasa alikuwa ametulia.

Mama akaniuliza: "Mwanangu daktari, kila mara redio inasema mzigo umekamatwa. Mbona huyu alikuwa anaupata tu?"

Nilimjibu kwa kisa cha hapa nyumbani. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alizungukia kusini na akafika Ujiji. Mwenye shida ya kufika hutafuta njia nyingine.

Unga nao ni hivyo. Heroini inayofika kwetu hutoka zaidi Afghanistan, ikavushwa bahari kwa majahazi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya kilo 1,000 katika Bahari ya Hindi. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Ni kazi kubwa. Lakini bei ya mtaani ni mara nyingi zaidi ya ile ya shambani, hivyo mzigo unaopita hufidia uliokamatwa. Na mwenye arosto hangoji. Atasaka kete popote ilipo.

Kwa hiyo polisi peke yao hawatoshi. Uraibu wa heroini ni ugonjwa, na unatibika. Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto na hupunguza hamu. Anayeitumia vizuri hana sababu ya kumtafuta muuzaji, wala kuchangia sindano zinazoambukiza VVU na homa ya ini. Hutolewa bure, na kliniki zipo hata Mwanza na Dodoma.

Sasa, mzazi, nisikilize vizuri. Kumfungia ndani si tiba, na kutulia kwake kusikudanganye. Mwili uliokaa siku chache bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kiasi kilekile, pumzi inaweza kukata. Hatari hii huwapata pia wanaotoka gerezani.

Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlaze ubavu, ita msaada, mkimbize hospitali, na mwambie mhudumu ukweli kuhusu alichotumia. Tukijua mapema, tunayo dawa ya kumzindua.

Yule mama alikuwa ameficha kwa kuogopa majirani. Kijana alikaa kimya muda wote, kisha akauliza swali moja: "Huko Mwanza watanipokea?"

Nimewaandikia barua ya rufaa. Jumatatu wanasafiri, mama na mwana.