Vinara wa Maandishi Matupu, Kutoka Karatina Hadi Nanyuki

Chukua flashi ya gigabaiti 1 uijaze maandishi matupu, yaani herufi zenyewe bila picha, bila rangi, bila mapambo ya fonti. Itabeba kurasa nusu milioni hivi, kila ukurasa ukiwa na herufi 2,000. Faili la namna hiyo, ambalo kwa kawaida jina lake huishia na .txt, hufunguka kwenye simu, kwenye kompyuta ya saiba na kwenye mashine iliyoundwa kabla hujazaliwa. Programu ya kuliandika huitwa kihariri. Mwanafunzi huandikia programu za kompyuta humo, katibu wa chama huandikia kumbukumbu za mkutano, mwandishi huandikia rasimu ya kitabu. Nimewakusanya hapa vinara wa ulimwengu huo nikiwatazama kutoka miji inayouzunguka Mlima Kenya, kwa kuwa naamini sisi tunaoandika kwa ĩ na ũ tunavihitaji vihariri hivi kuliko wengi.

Daftari lililongoja zaidi

Kinara wa kwanza alishika kalamu. Gakaara wa Wanjaũ, mzaliwa wa Nyeri wa mwaka 1921, alianza kuandika na kuchapa vitabu vya Kikuyu katika miaka ya 1940. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilimkamata, ikamtia kizuizini na kumfikisha hadi kisiwa cha Manda huko Lamu. Kizuizini aliandika shajara. Kitabu kilichotokana nayo, *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*, kilitoka mwaka 1983, miaka 31 baada ya kukamatwa kwake, na mwaka 1984 kikashinda Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika.

Namweka mbele ya wote kwa sababu alifanya kwa mikono yake kazi zote tatu ambazo kihariri hutufanyia leo: aliweka kumbukumbu, alitunga, na alichapisha. Gakaara Press yake ilikuwa Karatina, si Nairobi. Tena tazama jina la kitabu chake: lina ĩ tatu. Katika uchapaji wa herufi za risasi, ĩ isiyokuwamo kwenye kisanduku haichapiki, na mchapaji wa Kikuyu alilazimika kulijali hilo kila siku.

Herufi zilizohangaishwa zaidi

Kompyuta nazo zilikuja bila ĩ kwenye kisanduku. Mpango wa herufi uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na Kiingereza kilijitosheleza humo. Mwaka 1987 ukaja mpango wa kimataifa uliojulikana kama Latin-1. Wareno walipata ã na õ yao, Wahispania wakapata ñ. Alama ile ile ya wimbi ikiwa juu ya i na juu ya u haikupewa nafasi, na hapo Kikuyu, Kiembu, Kimeru na Kikamba vikaachwa mlangoni kwa pamoja. Kuanzia Nyeri, kupitia Kerugoya na Embu hadi Meru, mtu aliyetaka kuandika lugha ya mama yake sawasawa kwenye kompyuta ya kawaida alikuwa amekwama.

Mlango ulifunguka mwaka 1991 kwa mpango wa Unicode, ambamo ĩ ilipewa nambari 0129 na ũ nambari 0169. Mwaka uliofuata, Septemba 1992, Ken Thompson akiwa na Rob Pike kwenye mkahawa mmoja wa New Jersey alichora juu ya karatasi ya mezani namna ya kuzihifadhi nambari hizo zote bila kuvuruga maandishi ya zamani. Namna hiyo ndiyo UTF-8, na leo zaidi ya asilimia 95 ya tovuti duniani huitumia. Ndani yake herufi ya kawaida huchukua baiti 1. Ĩ huchukua 2, na ũ vivyo hivyo.

Baiti hizo mbili zimewahi kuniumiza. Nilipeleka wasifu wa marehemu shangazi yangu kwenye duka la uchapaji, faili likiwa kwenye flashi, nikaondoka kushughulikia mambo mengine ya mazishi. Vijitabu viliporudi, kila palipokuwa na Mũthoni palikuwa na MÅ©thoni. Mashine ya pale ilisoma UTF-8 kana kwamba ni ule mpango wa zamani, hivyo kila ũ ikapasuka kuwa alama mbili zisizo na maana. Hapakuwa na muda wa kuchapa upya. Waombolezaji walilisoma jina lake hivyo, naye alikuwa mwalimu aliyewafundisha watoto wa kijiji kizima kuandika. Tangu siku hiyo sipeleki faili popote kabla ya kuhakikisha limehifadhiwa kwa mpango gani, na simwachii mchapaji kabla ya kuona ukurasa wa kwanza.

Herufi zenye gharama kubwa zaidi

Kwenye simu adhabu ni ya pesa. Ujumbe mfupi wa maandishi hubeba herufi 160. Ukitia ĩ moja tu, ujumbe mzima hubadilishwa mpango na nafasi hushuka hadi herufi 70, kwa kuwa ĩ haimo katika orodha ya msingi ya herufi za simu. Ujumbe uliokuwa mmoja unaweza kuhesabiwa kuwa mitatu. Usishangae basi ukiona karibu kila mtu anaandika Wangari bila alama. Watu hawajaisahau lugha yao. Wamefundishwa na bei.

Kihariri kilichoenea zaidi

Kwa kuenea kwenye kompyuta za mezani simwoni wa kushindana na Notepad, iliyomo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Miji yetu ina kisa chake hapa. Tarehe 29 Julai 2015, siku Microsoft ilipozindua Windows 10, mkuu wake Satya Nadella alikuwa Kenya, akafika Nanyuki kuutembelea mradi wa Mawingu, uliokuwa ukisambaza intaneti kwa masafa ya televisheni yasiyotumika na umeme wa jua.

Kwenye Windows 95 na 98, Notepad ilishindwa kufungua faili lililozidi kilobaiti 64 hivi, sawa na kurasa 32 za hesabu yetu. Na kwa miaka mingi, ukihifadhi bila kubadilisha chochote, ilifuata mpango wa zamani wa Windows usiokuwa na ĩ wala ũ. Mwaka 2019 ndipo UTF-8 ilipofanywa kuwa chaguo lake la kwanza. Hesabu mwenyewe: toka Unicode ilipoipa ĩ nambari hadi Notepad ilipoipokea bila kuombwa, ilipita miaka 28.

Kikongwe, na chenye maneno machache

Ken Thompson yule yule wa UTF-8 aliandika kihariri kiitwacho ed mwaka 1969. Bado kimo ndani ya kila kompyuta ya Mac. Kilitengenezwa kwa mashine zilizochapa kwenye karatasi badala ya skrini, hivyo hakikupoteza wino: ukikosea, kilijibu kwa alama moja tu, ?. Sijui ujumbe wa kosa mfupi kuliko huo.

Kihariri kilichoikumbuka Afrika Mashariki kuliko vyote

Kama ningekuwa na zawadi moja ya kutoa, ningempa Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim kwa umma mwaka 1991. Vim ni mjukuu wa ed kupitia kihariri kiitwacho vi, ambacho Bill Joy alikiandika huko Berkeley mwaka 1976. Mwaka 1994 Moolenaar alikuja Uganda, akakaa mwaka mmoja akifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania. Rakai ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa mapema na vibaya zaidi na Ukimwi, na nyumba nyingi zilibaki na mayatima na babu zao.

Aliporudi Uholanzi hakuweka bei kwenye Vim. Aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, akaliweka ombi hilo kwenye ukurasa wa kwanza ambao mtu huuona akiifungua Vim bila faili. Ndani ya Vim mna faili la maelezo liitwalo uganda.txt. Lisome. Linaeleza Kibaale ni wapi, watu wake wanaishije na mchango unafikaje. Limenakiliwa kwenye kompyuta zisizohesabika, za vyuo, za benki, za mitambo ya intaneti, na sidhani kama kuna maandishi mengine juu ya kijiji cha Afrika Mashariki yaliyohifadhiwa mahali pengi kiasi hicho. Nayo ni maandishi matupu. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Toleo la Vim 9.1, lililotoka Januari 2024, liliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Vim ina jambo jingine ambalo watu wa mlimani wangelijua mapema. Ukiwa unaandika, bonyeza Ctrl na K, kisha i, kisha ?. Inatokea ĩ. Badala ya i weka u, na unapata ũ. Hakuna kibodi ya kununua wala programu ya kuongeza.

Vinara wengine kwa ufupi

Maktaba ya kidijitali kongwe kuliko zote, Project Gutenberg, ilianza tarehe 4 Julai 1971 kwa faili moja la maandishi matupu ambalo Michael Hart aliliandika huko Illinois. Sasa ina vitabu zaidi ya 70,000. Miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa kwa maandishi matupu ni kiini cha Linux, chenye mistari zaidi ya milioni 30.

Na Nyeri yenyewe? Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilikuwa mwenyeji wa mkutano na mafunzo ya Data Science Africa, yaliyowaleta watafiti wa takwimu na kompyuta kutoka ndani na nje ya bara. Madaftari ya Jupyter yanayotumika sana katika kazi hiyo, ukiyafungua kwa kihariri, utakuta ni maandishi matupu.

Rekodi moja bado haina mwenyewe: mkusanyo mkubwa kuliko yote wa maandishi matupu ya Kikuyu, Kiembu na Kimeru wenye ĩ na ũ mahali pake. Mimi ningependa ishikwe na mji wa huku kwetu, na kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mtu wala pesa. Usiku wa leo fungua Notepad, uandike jina la cũcũ wako, yaani bibi yako, pamoja na alama zake, na chini yake hadithi moja aliyokusimulia. Kabla ya kuhifadhi, tazama pembe ya chini kulia ya dirisha. Ikiwa imeandikwa UTF-8, hifadhi, kisha mtumie mtu mmoja nakala.