Jina la Waazteki na Ada za Kupeana Majina

Lau mgeni angeliingia mwaka 1500 katika soko la Tlatelolco, katika Mexico ya leo, lililosheheni mahindi, kakao, pamba na manyoya ya ndege, akauliza Waazteki wako wapi, aghalabu wachuuzi wangelimtazama kwa mshangao. Kwani watu wale ambao vitabu vya tarehe huwaita kwa jina hilo, wenyewe walijiita Wamexica, na kila mmoja alipenda zaidi kujinasibisha na mji wake, huyu wa Tenochtitlan, yule wa Tlatelolco, na jirani yao wa Texcoco ng'ambo ya ziwa, ijapokuwa wote walisema lugha moja ya Kinahuatl.

Si kwamba jina lenyewe limezuliwa. Asili yake ni Aztlan, kisiwa cha masimulizi kilichosemwa kuwa mbali upande wa kaskazini, na mtu wa huko ndiye aztecatl. Katika maana ya Aztlan wanazuoni wamehitilafiana, wengi wakisema ni mahali pa yangeyange, wale ndege wa majini, na wengine wakisema ni mahali pa weupe. Wazee wa Kimexica walihadithia kwamba mababu zao walihama huko wakimfuata mungu wao Huitzilopochtli, na kwamba njiani mungu huyo aliwaamuru waliache jina la kale, akawapa jina jipya pamoja na upinde na mishale. Kwa hiyo, kwa mujibu wa riwaya yao wenyewe, walikwisha kuacha kuwa Waazteki kabla ya kumwona tai juu ya mpungate, ishara ya mungu wao ya mahali pa kukaa, na kuuasisi mji wa Tenochtitlan, mwaka 1325 kama inavyohesabiwa kwa kawaida. Waliolieneza jina hilo upya ni watu wa mbali, miongoni mwao Mjerumani Alexander von Humboldt mwanzoni mwa karne ya 19, na William Prescott wa Marekani kwa kitabu chake cha 1843. Na sikatai kwamba lilifaa, maana dola mpya ya Mexico ilikwisha kupata uhuru mwaka 1821, ikahitajiwa namna ya kuwapambanua watu wa kale na raia wa sasa.

Walakini kwa kaumu ile, jina halikuwa kitu cha kubandikwa ovyo. Mtoto alipozaliwa, wazazi walimwendea mnajimu, naye akafunua kitabu cha hesabu ya siku 260, ambamo alama 20, kama vile mamba, nyoka, paa, maji na ua, ziliambatana na nambari moja hadi 13. Siku ya kuzaliwa ikawa ndilo jina, na ndani yake imo bahati ya mtu. Iwapo siku ilikuwa ya nuhusi, mnajimu hakuwaacha wazazi katika huzuni, bali aliwatafutia karibu yake siku njema ya kumwosha mtoto na kumpa jina. Hila ya kibinadamu, nami naipenda. Katika Codex Mendoza, kitabu cha picha kilichochorwa yapata miaka 20 baada ya Tenochtitlan kuanguka mikononi mwa Wahispania mwaka 1521, mkunga anaonekana amempakata mtoto kuelekea kwenye beseni la maji uani, na hapo pamewekwa ngao na mishale kwa wa kiume, ufagio na pia ya kusokotea uzi kwa wa kike. Na watoto watatu, huku wakila bisi za mahindi na maharagwe, wakalitangaza jina jipya kwa sauti. Kitovu cha mvulana kilipelekwa kuzikwa kwenye uwanja wa vita, na cha msichana kilizikwa karibu na meko, jambo ambalo Mswahili, mwenye kusema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake, hatahitaji kufasiriwa.

Lugha yao haikufa. Watu zaidi ya milioni moja wangali wakiisema katika vijiji vya Puebla, Veracruz, Hidalgo na kwingineko, na wengi wao huiita mexicano. Nao wenyewe, mahali pengi, hujiita kwa neno macehualli, ambalo zamani za wafalme lilikuwa jina la mtu wa kawaida, asiye wa ukoo wa masharifu.