KWA NINI MLANGO WA MOYO HUOTA MFUPA?

Najua wengine mtauliza Bayolojia inatafuta nini katika gazeti letu. Kwani moyo haujui Kiswahili?

Moyo wa binadamu una vali nne. Vali ni kilango kinachoiruhusu damu kupita upande mmoja tu. Ninayoizungumzia leo ni vali ya aota, ambayo damu yote iendayo mwilini hupitia. Kwa kawaida ina vikope vitatu vyembamba, ambavyo hufunguka na kufungika kama mara 100,000 kwa siku. Kwa watu wengine, hasa wazee, vikope hivyo huingia kalsiamu vikakakamaa. Tundu lililokuwa na sentimita mraba 3 au 4 linaweza kupungua hadi chini ya 1. Hapo mtu hukosa pumzi, huumwa na kifua, hata huzirai akifanya kazi. (Vijana wengi wa huku kwetu wenye vali mbovu waliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanzia kooni. Hiyo ni hadithi nyingine.)

Zamani ilidhaniwa kwamba huo ni uchakavu tu, sawa na ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika la maji ya kisima. La hasha! Birika halina uhai. Seli za vali yenyewe ndizo hugeuza tabia zikaanza kujenga mfupa. Sasa, ni nani anayeziruhusu?

Kuna jeni iitwayo NOTCH1. Mfikirie kiranja wa zamu: seli ikitaka kujenga mfupa mahali pasipofaa, yeye huikemea, "Wee, rudi darasani!" Mwaka wa 2005 watafiti wa Marekani walieleza habari za familia zenye kasoro katika jeni hiyo. Baadhi ya jamaa walizaliwa na vali ya vikope viwili, na wengine vali zao zikaota kalsiamu. Vikope viwili si ajabu sana, maana hupatikana kwa mtu mmoja hivi katika kila 100, ingawa wenye kasoro ya NOTCH1 ni wachache miongoni mwao. Hebu piga hesabu ya shule nzima!

Jeni iliyonivutia zaidi ni LPA. Hii huhusika na lipoprotini (a), aina ya mafuta ya damu aliyoigundua Kåre Berg wa Norway mwaka wa 1963. Ndani yake kuna kipande kinachorudiwarudiwa kama kiitikio cha wimbo. Mmoja amerithi marudio machache, mwingine zaidi ya 30. Ajabu ni kwamba marudio yakiwa machache, ini hutoa mafuta hayo kwa wingi zaidi. Mwaka wa 2013 utafiti mkubwa ulionyesha kuwa badiliko moja dogo katika LPA hukaribia kuongeza maradufu uwezekano wa vali kuingia kalsiamu. Lakini utafiti huo ulianzia kwa watu wenye asili ya Ulaya. Sisi Waafrika, kwa wastani, tuna lipoprotini (a) nyingi kuwaliko, na badiliko lile ni adimu kwetu. Basi jeni zetu zichunguzwe zenyewe, tusipimwe kwa rula ya jirani.

Dawa za kupunguza kolesteroli zilijaribiwa, na matokeo ya 2005, 2008 na 2010 yakaonyesha kwamba haziuzuii ugonjwa huu. Tiba ni kubadilisha vali, ama kwa upasuaji, ama kwa kuipitisha mpya ndani ya mshipa, kama alivyofanya kwanza Alain Cribier wa Ufaransa mwaka wa 2002.

Nyumbani kwetu haya si mambo ya vitabuni. Babu alibadilishiwa vali akiwa na miaka 58, ikakutwa ina vikope viwili. Ndugu yake alikuwa ameshaanguka shambani akafa, na watu wakanong'ona eti ni laana ya ukoo. Wengine walimlaumu nyanya kwa kumpa babu maziwa mengi! Maskini nyanya. Daktari alieleza kwamba karibu mmoja kati ya jamaa kumi wa damu wa karibu huwa na vali kama hiyo, na kwamba kipimo ni picha ya mawimbi ya sauti tu, haina sindano wala uchungu. Shangazi zangu wawili wameshapigwa. Mkubwa ana vikope vitatu. Mdogo ana viwili, na sasa anafuatiliwa na daktari ingawa haumwi popote.

Baba naye kila muhula ana sababu: mara mahindi, mara ng'ombe, mara karo yangu. Nimemwandikia barua. Amekubali kwenda Agosti, tukifunga shule.