Kutoka ujemadari hadi mgodini: filamu bubu ya Boris Grezhov

Mwaka 1929 Mbulgaria Boris Grezhov alitoa filamu bubu iitwayo Sled pozhara nad Rusiya, "Baada ya Moto juu ya Urusi". Kwa jina hilo mtu angetarajia farasi na mizinga. Grezhov akawapeleka watazamaji Pernik, mji wa makaa ya mawe ulio karibu na Sofia, kuwaonyesha Warusi walioshindwa vita wakihangaikia riziki chini ya ardhi.

Kisa hicho kilikuwa na mizizi. Mabaki ya jeshi la Jenerali Wrangel, lililopigana na Wabolsheviki, yalipoondoka Crimea Novemba 1920, maelfu ya askari wake hatimaye walihamia Bulgaria, na wengine wakaingia migodini. Mwandishi Pancho Mihaylov aliyasimulia maisha hayo, naye Grezhov akayatia kwenye filamu yakiwa bado mabichi.

Hollywood nayo iliigusa hali hiyohiyo. Mwaka 1928 Josef von Sternberg alitoa The Last Command, ambamo jenerali wa mfalme wa Urusi anageuka mwigizaji wa malipo kiduchu huko Marekani. Emil Jannings alipata Oscar ya kwanza ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu hiyo na nyingine moja. Sternberg alikuwa na studio na fedha. Nchini Bulgaria hapakuwa na kiwanda cha filamu cha kujivunia, hivyo uzito wa kazi ya Grezhov unatoka kwenye mada yenyewe: mgodi na watu waliotupwa humo.

Hapo ububu ulimfaa. Mrusi na Mbulgaria hawatofautishwi kwa lafudhi pale ambapo hakuna sauti. Cheo kilichopotea kinasomwa mabegani, mikononi na katika mavazi. Na tofauti na mwongozaji Msovieti Eisenstein, ambaye katika Strike ya 1925 aliwafanya wafanyakazi kuwa umati unaoinuka, Grezhov anawafuata watu walioporomoka.

Kabla ya Grezhov sinema ya Bulgaria ilipenda kuchekesha. Balgaran e galant ya Vasil Gendov, iliyoonyeshwa Sofia Januari 1915, ilimhusu mtanashati anayemwandama mwanamke mjini na kuishia kubebeshwa mizigo yake. Filamu hiyo imepotea, zimebaki picha chache tu.

Miaka minne baada ya kazi ya Grezhov, Gendov huyohuyo alitoa Buntat na robite, filamu ya kwanza ya Bulgaria yenye sauti. Lakini anayetaka kuielewa tamthilia ya sinema ya Bulgaria aanzie Pernik.