Askofu wa Kasongo, tabibu wa Karema na reko wa Lusangi

Tarehe 4 Juni 1971, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa waliwakumbuka wenzao waliopigwa risasi na askari siku kama hiyo mwaka 1969. Rais Mobutu hakuvumilia. Aliamuru wanafunzi waandikishwe jeshini kwa nguvu. Kulikuwa na padre mmoja Mjesuiti aliyewalea vijana kama hao, mtu wa makamo wa miaka 45 hivi, ambaye amri ile haikumgusa. Aliomba mwenyewe aandikishwe pamoja nao, akavaa gwanda kama wao. Jina lake Christophe Munzihirwa. Miaka 15 baadaye alitumwa Kasongo, kusini mwa Maniema, kuwa askofu mwandamizi, na mwaka 1990 akakabidhiwa jimbo lote.

Katika Lusangi, kwenye Maniema hiyo hiyo, na katika vijiji vya njia ya Kasongo na Kabambare, ombi la kutaka kutumiwa na Mungu husikika karibu kila Jumapili, na Waislamu wa huko, ambao ni wengi kuliko katika mikoa mingine ya Kongo, nao huliomba kwa namna yao wakinyanyua mikono baada ya swala. Ni ombi zuri. Tatizo ni picha inayolifuata. Wengi hudhani mtu wa kutumiwa na Mungu hushukiwa ghafla: jana alikuwa mtu wa kawaida, leo ana sauti, ana karama, umati unamfuata. Maisha ya wale ambao watu wenyewe walikuja kuwashuhudia kuwa watumishi wa kweli hayaendi hivyo. Yanaonyesha mtu aliyefinyangwa polepole, mara nyingi bila mwenyewe kujua anaandaliwa kwa kazi gani.

Maandiko yenyewe yanasema hivyo waziwazi, ingawa ukurasa huo hauhubiriwi mara nyingi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza roho yake mtu mmoja kwa jina. Mtu huyo si kuhani wala nabii, ni Bezaleli mwana wa Uri, fundi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao, na msaidizi wake ni Oholiabu wa kabila la Dani. Roho aliyemjaza alionekana katika mikono inayojua kazi. Anayesoma sura hiyo kwa makini hawezi tena kutenganisha uchaji na ustadi, kana kwamba moyo safi unatosha na kazi itajiendesha yenyewe.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, kuna kaburi linaloeleza jambo hilo vizuri kuliko mahubiri mengi. Liko Karema, na aliyelala humo ni Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa na wazo ambalo wakati ule wengi waliliona la ajabu: vijana Waafrika waliokombolewa wafundishwe udaktari, kisha wawatibu Waafrika wenzao. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma udaktari kwa miaka kadhaa. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu kwa pamoja, na hakuondoka. Alioa binti wa chifu wa huko, mtoto wao wa kiume akawa padre, naye akaendelea kutibu hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 mahali pamoja.

Mtu aliyeuzwa kama mzigo alikuwa na kila sababu ya kuchagua maisha mengine. Alipofika ziwani, biashara ya watumwa ilikuwa bado hai, na njia kuu ya misafara kutoka Ujiji ilivuka maji na kupita Kabambare, Kasongo na Nyangwe, yaani katikati ya Maniema hii hii. Atiman aliijua njia ya namna hiyo kwa miguu yake ya utotoni. Hata hivyo majonzi peke yake hayakumfanya tabibu. Alikaa darasani. Alijifunza lugha. Kisha akabaki mahali ambapo wageni wengi waliugua homa wakafa au wakarudi kwao.

Kasongo inayo pia sababu ya kuwachunguza wanaojitangaza kuwa wametumwa. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yakiongozwa na Dhanis, yaliteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, na neno lililotangulia bunduki zao lilikuwa kukomesha utumwa. Himaya ya Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake wa watumwa ilivunjwa kweli. Lakini dola iliyofuata ilidai mpira, pembe za ndovu na upagazi kwa mjeledi. Kwa hiyo mwenyeji wa huku akiuliza, kabla ya kumwamini mtu anayesema Mungu anamtumia, ni nani anayefaidika na utumishi huo, hakufuru. Anakumbuka tu. Na swali hilo linawahusu vilevile wahubiri wa leo wanaowatoza wagonjwa fedha za maombi. Mwenye kupima utumishi ni yule mwenye shida, si yule mwenye kipaza sauti.

Waislamu wana kanuni ya zamani inayobana zaidi. Katika mapokeo yaliyohifadhiwa na Abu Daud, Mtume anafundisha kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huyo atabeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Nia njema haimwokoi. Ni fundisho kali, na ni la rehema, kwa sababu linamlinda mgonjwa dhidi ya ari ya mtu asiyejua anachofanya.

Kasongo iliwahi kulifanyia kazi fundisho la namna hiyo bila kulitaja. Tangu mwaka 1971, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wauguzi Wakongomani, walijenga hapo mpango uliokuja kujulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Badala ya kuelekeza nguvu zote hospitalini mjini, walitawanya vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi, karibu na watu, hospitali ikibaki kwa wale waliozidiwa. Mwaka 1981 timu hiyo ilichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao kuhusu chanjo ya surua. Walichokiuliza kilikuwa cha ujasiri: je, mtoto tuliyemwokoa na surua anaendelea kuishi, au anakufa baadaye kwa ugonjwa mwingine? Takwimu zao zilizua mjadala mkubwa, na watafiti wengine, akiwamo Peter Aaby, walizipitia upya na kuonyesha kwamba chanjo iliokoa maisha kweli. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba watumishi wale hawakuridhika kuhesabu sindano walizochoma. Walikwenda kuwatazama watoto.

Mpangilio ule wa vituo vinavyoshikwa na wauguzi ndio unaoonekana leo kote Kongo. Lusangi ni moja ya zoni 18 za afya za mkoa wa Maniema. Ndani ya zoni kuna maeneo ya afya, kila eneo na kituo chake, na nyuma ya kituo kuna vijiji ambavyo kufika kwake ni kwa miguu, baiskeli au pikipiki, na msimu wa mvua hata pikipiki hushindwa. Huko ndiko anakofanyia kazi mtu anayeitwa reko, mhudumu wa kujitolea aliyechaguliwa na wanakijiji wenzake. Hana mshahara. Ana shamba lake la mpunga, mihogo na karanga kama jirani zake.

Mtazame reko wa kituo cha huduma cha kijiji mama anapomletea mtoto anayekohoa. Kwanza anauliza: ameshindwa kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Akijibiwa ndiyo kwa moja tu kati ya hayo, au mtoto akiwa amelegea hazinduki vizuri, safari ya kwenda kituo cha afya inaanza hapo hapo. Kama hakuna dalili hizo, anamwomba mama amtulize mtoto na kumfunua kifua. Kisha anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Hahesabu nusu dakika akazidisha mara mbili, kwa maana pumzi za mtoto hazina mwendo sawa. Mtoto wa kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi kabla ya 5 akifikisha 40, hiyo huchukuliwa kuwa nimonia na anapewa vidonge vya amoxicillin. Kwa homa, reko anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, anasubiri dakika 15 au 20 kulingana na aina ya kipimo, halafu ndipo anasema neno. Kwa mtoto aliyekonda anazungusha utepe kwenye mkono wa juu. Chini ya sentimeta 11.5 utepe unaonyesha rangi nyekundu, na huyo anapelekwa mbele.

Hakuna katika hayo jambo la kushangiliwa. Dakika moja ya kuhesabu pumzi huku kuku wanapita na watu wanapiga kelele ni ndefu kuliko inavyosikika, na anayeikata katikati huenda asimwone mtoto aliye hatarini. Lakini hapa ndipo utumishi unapokuwa kitu kinachoshikika: kumwangalia mtu mmoja kwa muda kamili anaouhitaji. Reko hufika hapo kwa kufundishwa, kusimamiwa na kurudia, na si kwa msukumo wa siku moja.

Utii huo kwa jambo dogo ndio unaorudisha habari kwa Munzihirwa. Alipokuwa Kasongo, jimbo lilikuwa kubwa, barabara mbovu, na askari wa Mobutu waliokosa mishahara wakiishi kwa kuwanyang'anya raia. Watu walimwita Mzee. Alikuwa mtu wa mavazi ya kawaida, asiyependa fahari ya cheo, na aliyesema wazi pale maaskofu wengine walipopima maneno. Mwaka 1994 alihamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu, na katika miezi hiyo hiyo maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wakavuka mpaka. Aliwatetea wakimbizi, akawakaripia wanasiasa wa nchi yake mwenyewe, akazikemea pia serikali za kigeni. Hakupata marafiki wengi wenye nguvu kwa njia hiyo.

Oktoba 1996 vita vilipoufikia mji, wakuu wa serikali na wa jeshi walitoroka. Askofu mkuu alibaki, akawasihi wananchi watulie, akaendelea kuitisha mikutano ya kutafuta namna ya kuwalinda raia. Jioni ya tarehe 29 gari lake lilisimamishwa penye njia panda ya Nyawera na askari wa vikosi vilivyokuwa vikiuteka mji. Alishuka akiwa na msalaba mkononi. Walimpiga risasi, na mwili wake ukalala barabarani hadi siku ya pili.

Ni rahisi kukitazama kifo hicho na kusahau mwaka 1971. Anayetaka kumwelewa lazima aanzie kule. Aliyebaki Bukavu mwaka 1996 ni yule yule aliyeomba kuwa askari wa kawaida miaka 25 kabla, kwa sababu hakutaka vijana wake waende peke yao. Uamuzi wa siku ya mwisho ulikuwa umekwisha kuzoewa. Wanaosoma maisha ya watumishi wa Mungu, wawe wanateolojia au wanahistoria, hukuta alama hiyo mara kwa mara: uaminifu wa wakati wa hatari hutanguliwa na uaminifu wa miaka ambayo hakuna aliyekuwa anatazama.

Kuna hatari upande wa pili, nayo isifichwe. Watu wanaojitoa hivi huchoka, na jamii inaweza kuwatumia vibaya kwa kisingizio cha Mungu. Reko anaposhinda kutwa akihudumia watoto wa wengine, magugu yanaota shambani mwake na watoto wake mwenyewe wanakosa karo. Kumwambia kwamba thawabu yake iko mbinguni, huku mwenye kusema hivyo ameshiba, ni dhuluma. Hata Atiman hakuachwa peke yake. Alikuwa na misioni, dawa na familia nyuma yake.

Ndiyo maana parokia na misikiti ya Lusangi ina kazi ya wazi zaidi ya kuombea watumishi wapatikane. Jumuiya ndogo ya Wakristo inaweza kupalilia mpunga wa reko wake siku moja kila msimu. Vijana wa msikiti wanaweza kushika zamu ya kumbeba mgonjwa hadi kituo cha afya. Mwenye baiskeli nzima anaweza kuiazima siku ya kwenda kuchukua dawa, na wenye duka wanaweza kutoa betri za tochi, kwa sababu homa za watoto hazingoji kupambazuke. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mradi wala mfadhili kutoka Kinshasa, na palizi ijayo haiko mbali.