Nani alikwambia benchi ni aibu? Kwenye vikapu hesabu ni nyingine

Binamu yangu yuko kidato cha tatu, shule moja ya kutwa huko Nyamira. Juzi usiku alinipigia kwa simu ya mamake, sauti imemkwama kooni.

"Bro, nimerudisha jezi."

Kisa? Mwalimu alitaja majina ya watano watakaoanza mechi na lake halikuwemo. Tangu kidato cha kwanza yeye ndiye alikuwa anaanza. Sasa nafasi yake amepewa dogo wa kidato cha pili, na ati kijiji kizima kinajua kwamba yeye siku hizi ni "wa benchi".

Aibu yake naielewa. Sisi wa Kisii na Nyamira tumelelewa na kandanda. Benchi tumeijulia kwa Shabana pale uwanja wa Gusii: ukiketi unaweza kuketi dakika zote 90, kocha ana nafasi tano tu za kubadilisha, na anayetoka harudi tena. Ndiyo maana mtu akiitwa mchezaji wa akiba, masikio yetu yanasikia "hatumiki".

Vikapu haviko hivyo. Kocha hubadilisha mara nyingi atakavyo. Aliyetoka anarudi, anatoka tena, anarudi tena. Mechi kwa sheria za FIBA ni dakika 40, NBA ni 48, na hakuna mapafu yanayoweza kukimbia kasi ile mwanzo hadi mwisho. Halafu kuna faulo. Kwa FIBA ya tano inakutoa kabisa, kwa hivyo aliyeanza akipata mbili za haraka, kocha anamketisha kabla mambo hayajaharibika. Nani anaingia? Huyo huyo wa benchi.

Nikamsimulia kuhusu Andre Iguodala. Huyu jamaa alicheza miaka kumi NBA na kila mechi ya msimu wa kawaida aliyocheza, aliianza. Zilikuwa zaidi ya 750. Kisha mwaka 2014 kocha mpya wa Golden State Warriors, Steve Kerr, akamwambia ataanzia benchi. Fikiria hiyo! Alikuwa ameshachezea timu ya nyota wa ligi na ana dhahabu ya Olimpiki. Angeweza kununa msimu mzima. Akakubali, akawa anaingia na kukaba vigogo wa timu pinzani huku wenzake wakipumua.

Fainali ya 2015 ikafika, dhidi ya Cleveland Cavaliers ya LeBron James. Warriors wakajikuta nyuma kwa mechi mbili kwa moja. Mechi ya nne Kerr akamtoa mrefu wake, Andrew Bogut, akamwanzisha Iguodala kwa mara ya kwanza msimu huo. Warriors walishinda tatu mfululizo wakabeba taji. Mchezaji bora wa fainali? Iguodala. Hakuna mwingine kabla yake aliyewahi kupewa tuzo hiyo bila kuanza mechi zote za fainali.

Manu Ginóbili wa Argentina naye alicheza mechi 1,057 za msimu wa kawaida akiwa San Antonio Spurs, akaanza 349 tu. Ana mataji manne.

Karibu na nyumbani kuna Hasheem Thabeet wa Tanzania. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, na Memphis Grizzlies. Aliyemfuata, wa tatu, ni James Harden, aliyeenda Oklahoma City. Harden hakupewa kikosi cha kwanza huko. Msimu wa 2011/12 alianza mechi mbili pekee kati ya 62, na bado akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Thabeet hakupata dakika za kutosha, kuanza au kuingia, na kwangu hilo ndilo lililomwumiza zaidi kuliko swali la nani ametajwa kwanza.

Sitamdanganya binamu, kuanza kuna faida yake. Kuna wachezaji ambao miili yao inapoa wakiketi, wakiingia hawapati mdundo. Na kuna pesa: NBA, kijana aliyechaguliwa raundi ya kwanza anapomaliza mkataba wake wa kwanza, kiasi cha ofa ya timu yake kinaweza kupanda au kushuka kutegemea kama alianza mechi 41 kwa msimu. Lakini soma kanuni hiyo hadi mwisho. Inasema mechi 41 za kuanza, au dakika 2,000 uwanjani. Hata wenye pesa wanakubali kwamba dakika ni dakika.

Na kuna dakika zenye uzito kuliko nyingine. Februari 2021, jijini Yaoundé, Kenya Morans waliichapa Angola 74-73. Angola, waliokuwa wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11! Kikapu cha mwisho kilifungwa na Tylor Okari Ongwae, majina ambayo huku kwetu hayahitaji tafsiri, muda ukiisha. Mwaka huo Kenya ikarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Nikamwuliza binamu: watano walioanza siku ile ni akina nani? Kimya. Na aliyefunga ile ya mwisho?

"Ongwae," akajibu papo hapo.

Jumatatu alienda kwa mwalimu kuomba jezi. Namba yake ya 9 ilikuwa imeshachukuliwa, akapewa 14, kubwa kidogo mabegani. Mechi ya Jumamosi aliingia robo ya pili, akafanya faulo moja ya kijinga, akatolewa, akarudishwa robo ya nne timu ikiwa nyuma kwa alama tatu. Halafu mvua ya huku ikafanya yake na mechi ikakatizwa. Inarudiwa wiki ijayo, na bado hajui kama ataanza.